Akina mama wanne wa maternite

Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ndogo, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka soko la Kasongo. Kila mwezi tulijaza karatasi ya kupeleka Kinshasa: kijidudu gani kimepatikana kwa mgonjwa, antibiotiki gani inakiua, ipi haikiui tena. Hospitali nyingi za nchi zilijaza karatasi hiyo hiyo. Wenzangu waliiita kazi ya makaratasi. Mimi niliijaza bila kukosa, ingawa kusema kweli hata mimi sikuwa nimeona faida yake kwa macho.

Kisha akaletwa mama kijana kutoka Wamaza. Alikuwa amepasuliwa kwetu siku sita kabla ili mtoto atoke, akaruhusiwa kulala kwa ndugu zake pale mjini. Sasa alirudi akiwa amekumbatiwa na mama mkwe wake juu ya pikipiki, kidonda kinatoa usaha, mwili unawaka. Dokta akampa sindano tuliyozoea kuwapa wote. Siku mbili zikapita, homa haikushuka.

Nilichukua usaha kwa pamba safi, nikaupaka kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu. Vilipoota, nikavipanda kwenye sahani nyingine na kuweka juu yake vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, hakuna kinachoota karibu na kikaratasi. Unabaki uwazi ambao naupima kwa rula. Asubuhi yake nilipoinua kifuniko, vijidudu vilikuwa vimeota hadi kwenye ukingo wa kikaratasi cha dawa ile aliyokuwa akidungwa. Uwazi ulikuwepo kwenye kimoja tu.

Nikaenda na sahani mkononi hadi kwa dokta.

"Dokta, hii dawa anayopata mugonjwa ni kama maji tu."

Aliiangalia, akasugua macho. "Mama, labda sahani imechafuka. Rudilia kwanza."

"Nitarudilia leo leo. Lakini tukingoja kesho na ile sindano ya zamani, yeye hatatungojea. Iko dawa moja inayofanya kazi. Tuanze nayo."

Aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akachukua kalamu, akabadilisha dawa kwenye fishi, karatasi ya matibabu ya mgonjwa. Famasi yetu ilikuwa na chupa za kutosha siku mbili tu. Dokta akapiga simu Kindu, na nyingine zikaja na dereva wa pikipiki aliyefika amejaa matope hadi kifuani. Nilirudia kipimo, jibu likawa lile lile.

Nilipokuwa naandika jibu hilo kwenye rejista, nikarudi nyuma kurasa chache kulinganisha, na mkono wangu ukasimama. Mama mwingine wa maternite, yaani wodi yetu ya uzazi: kijidudu hicho hicho, dawa zile zile zimeshindwa. Na mwingine. Na mwingine tena, ambaye tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla. Majibu yote matatu niliyaandika mimi mwenyewe, moja moja, bila kuyaweka pamoja. Nilikaa kwenye kiti, nikaona aibu, kisha nikafunga rejista na kwenda maternite nayo chini ya kwapa.

Mkuu wa maternite alikuwa mkunga aliyenizidi umri kwa mbali. Alisikiliza, akakaza uso.

"Weye unakuja kuniambia maternite yangu iko na uchafu? Mimi ninazalisha watu hapa tangu weye uko masomoni."

"Hapana, mama. Nasema hawa wanne walipita hapa, na mimi niliwaona kwenye labo nikanyamaza. Kosa la kwanza ni langu. Unisaidie kutafuta."

Alichukua rejista, akazisoma kurasa zile mwenyewe. Mwishowe akasema, "Tafuta. Lakini nitatembea na weye, nione kila unachogusa."

Tulizunguka pamoja. Pamba kwenye bomba la ndoo ya kunawia, pamba kwenye meza ya kuzalishia, pamba kwenye makasi, na tone la dawa ya kusafishia vidonda kutoka kwenye chupa kubwa ya rafuni. Baada ya siku mbili nilimwita labo. Sahani zote zilikuwa karibu safi, isipokuwa ya chupa. Ilikuwa imejaa kijidudu kile kile.

"Hii ni dawa ya kuua mikrobe," akasema kwa sauti ndogo. "Itaotaje humo?"

Nikamwuliza chupa huoshwa lini. Akakiri. Haikuoshwa. Ikikaribia kwisha, waliongeza maji na dawa juu ya mabaki, mwezi baada ya mwezi, ili isikosekane. Wote tulikuwa tunapita mbele yake kila siku. Alikwenda mwenyewe, akaimwaga chupa kwenye shimo la takataka, akaivunja kwa jiwe. Tangu siku ile dawa ilichanganywa kila asubuhi kwenye chupa ndogo zilizochemshwa, na yeye ndiye aliyesaini kwenye daftari kila ilipochanganywa.

Mama wa Wamaza alianza kula siku ya nne ya sindano mpya. Siku ya kuondoka, mama mkwe wake alikuja labo, mjukuu mgongoni, akataka kuona tulichopigana nacho. Nikamwonyesha sahani kupitia kifuniko.

"Sasa hizi mikrobe mumeziua zote?" akaniuliza.

"Za kwake, ndiyo, mama. Zingine bado ziko. Ndiyo maana tunazifuata."

Akatikisa kichwa, akafunga kitenge vizuri, akaenda kumtafutia mkwe wake nafasi kwenye pikipiki.

Wiki hiyo nilijaza karatasi ya Kinshasa, mistari minne, pamoja na wa yule aliyefariki. Kisha nikaomba kibali kwa dokta: kila Jumatatu rejista isomwe mbele ya wakuu wa vyumba vyote, kwa sauti. Wa kwanza kufika alikuwa yule mkunga, na alikuja na daftari lake.