Kila Mtu na Kipande Chake cha Baba

Baba yangu hapendi mazishi. Si kifo anachokiogopa, ni yale makaratasi ya rangi yanayogawiwa watu wakishakaa chini ya mahema, yenye picha ya marehemu na maisha yake yote yamebanwa kwa ukurasa mmoja. "Unaona," huniambia tukirudi nyumbani, "mtu anasomwa siku ambayo hawezi kusema hapo mmekosea."

Ndiyo maana alipostaafu kazi ya kilimo alianza kuandika maisha yake mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwenye laptopu aliyoachiwa na kaka yangu. Alitaka asomwe akiwa hai, masikio yake yakisikia. Nasema masikio kwa sababu macho yalikuwa yanamfifia. Sukari ilikuwa inayala polepole, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba asitarajie yarudi.

Mimi ndiye kifungua mimba wake. Nauza nafaka hapa Karurumo, Embu, ndengu na kunde na mahindi, na watu wa soko wanaujua mdomo wangu. Husemwa ati Wameru ndio wenye hasira. Wanaosema hivyo hawajawahi kunipunja debe.

Basi mzee akamaliza. Kaka akamwingizia picha zote za ukoo, kila moja kubwa, zikaungana na maandishi, ikawa faili moja nzito ajabu. Tukairusha kwa grupu ya familia. Haikuchukua muda, majibu yakaanza kumiminika. Hongera mzee. Kazi safi. Mungu akuzidishie. Makofi, maua, makofi tena. Baba mdogo, yule anayemfuata baba kwa kuzaliwa, mzee wa kanisa anayefuga nyuki kule chini Mbeere, aliandika, "Ubarikiwe sana ndugu yangu. Nimeguswa."

Baba aliniita nimsomee majibu. Nilipofika hilo, akainua mkono.

"Rudia hapo, mama." Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nikarudia.

"Huyo hajasoma."

"Amesema ameguswa, baba."

"Ameguswa na nini? Mle ndani nimeandika kwamba alilala malishoni, fisi akala mbuzi wa baba yetu, tena mbuzi mwenye mimba. Angekuwa amesoma angekuwa ameshafika hapa na rungu."

Ngai! Damu ilinipanda. Nilichukua simu nikawapigia mmoja mmoja. Huyu, simu yake imejaa. Yule, bando iliisha ikiwa nusu. Mwingine, simu inazunguka tu halafu inazima. Binamu mmoja wa Nairobi ati alikuwa anangoja apate nafasi. Kumbe yale maua yote yalikuwa ya kumpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Niliwaambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na sijutii hata moja.

"Wacha watu," baba akasema. "Watasoma siku ile." Tangu hapo hakuuliza tena kama kuna mtu ameandika. Iliniuma sana. Mtu alikuwa amemalizia macho yake kwa hiyo kazi.

Mwezi huo mke wa kaka yangu akaja likizo. Ni Mmeru wa Nchiru, anafanya kazi ya ofisi katika chuo kimoja kule, na niseme wazi kabisa, huyu mwanamke nampenda. Aliposikia mambo ya faili alikaa kwenye veranda, laptopu magotini, akaisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ugali aliniachia mimi, kitu ambacho sikubaliani nacho kwa mtu yeyote, lakini siku hiyo nilisonga bila kunung'unika. Alikuwa anacheka peke yake. Pahali fulani alifuta macho kwa kona ya leso. Katika ukoo mzima ndiye mtu wa kwanza kuisoma yote, na hana tone moja la damu yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Ikate," nikamwambia. "Kurasa kumi kumi, uwamwagie mpaka wakome."

Hakubishana nami. Alikata hivyo, akaniita nione. Kipande kimoja kiliisha mama yetu akiwa mtoni, ameinama kujitwika mtungi. Kilichofuata kilianza tayari yuko jikoni.

"Unaona, dada? Tumemwacha mama mtoni."

Mama alikufa zamani. Sikutaka aachwe mtoni, hata kwa kompyuta.

"Na hata tukikata vizuri," akasema, "tukirusha kwa grupu watapiga makofi tena. Kwetu mbuzi akichinjwa, si kila kiungo kina mwenyewe? Nyama ikiwa ya wote, mtu anaweza kusema ameshiba. Ile ya jina lake hawezi kuikataa, lazima aonje. Tutafute pahali kila mtu ametajwa, tumkatie hapo, apelekewe kwa simu yake mwenyewe."

Hata kwetu Embu ni hivyo hivyo. Sijui kwa nini sisi hatukufikiria.

Alianza kazi asubuhi iliyofuata, baba kando yake kwenye kiti chake cha kamba. Nilikuwa nachagua ndengu uani, nawasikia. Alikuwa anamsomea maneno ya mwisho ya kila kipande, kisha anauliza, "Baba, nikikata hapa pataumia?" Baba anainamisha kichwa, anafikiria. "Songa mbele kidogo, mwanangu. Hapo ng'ombe bado hajatoka kwa matope." Anasonga mbele mpaka ng'ombe atoke, ndipo anakata. Picha alizipunguza uzito, akamwachia kila mtu ile aliyomo. Hakuziita faili sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, hapana. Ya shangazi aliita "Harusi yako na mvua". Ya baba mdogo aliita "Wewe na fisi". Zilikuwa nyepesi hivi kwamba hata simu ya shangazi yenye kioo kilichopasuka ingefungua. Alizituma moja moja, na maneno matatu tu: Hii ni yako.

Mimi pia nilipata yangu. Baba ameandika kwamba nikiwa darasa la kwanza nilimuuma mwalimu mkono, na yeye akaenda shuleni kuomba msamaha, na tukirudi akaninunulia mandazi. Kuuma nakumbuka. Mandazi nilikuwa nimesahau kabisa. Nilisimama katikati ya magunia yangu nikalia kama mtoto, na mteja akaniuliza kama bei imepanda.

Jioni ile simu zikaanza. Shangazi, aliyeolewa Mitunguu kwenye mashamba ya ndizi, alipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. Ati mvua ilinyesha siku iliyotangulia harusi, si siku yenyewe, na ni nani aliyesema keki ilianguka? Nikampa baba. Walibishana mpaka salio la shangazi likaisha, na baba akarudisha simu akitabasamu. Binamu wa Nairobi akapata nafasi, kumbe nafasi ilikuwepo. Watu wakaanza kuulizana, wewe umepewa gani? Mke wa kaka yangu alikuwa anakunywa chai tu kana kwamba hakufanya chochote. Lakini baba mdogo alinyamaza.

"Amejibu?" baba aliuliza kila mara nilipopita.

"Inaonyesha amefungua."

"Kufungua si kusoma."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nani hasa alikuwa anaandikiwa.

Alikuja siku ya soko. Bodaboda ilisimama langoni, na mzee wa kanisa, suti na kofia, akaingia uani na simu mkononi kama mtu aliyebeba kaa la moto. Hakubisha hodi. Hakusalimu mtu.

"Nani alilala?" akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Nasema, nani alilala?"

Baba alishika nguzo ya veranda akasimama. Hakuweza kumwona vizuri, lakini uso wote ulikuwa umegeukia ile sauti.

"Amesoma," akatuambia polepole.

"Nimesoma mara nne! Wewe ndiye uliniacha na mbuzi ukaenda kwa mzinga wa watu. Ulirudi na sega la asali, ukakuta fisi ameshamaliza. Ukaniambia niseme nililala, ati mimi ni mdogo, baba hatanichapa sana. Alinichapa mpaka nikalala kifudifudi!"

"Mimi nakumbuka ulilala," baba akasema.

"Unakumbuka nilichomwambia baba!"

Mke wa kaka yangu aliweka kikombe chini. Nilimwona baba akirudi nyuma kwa mawazo, mbali sana, akitafuta, na nikaona alipofika.

"Sega la asali," akasema. "Nilikupa nusu."

"Ulinipa nta."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Uliniuliza?"

"Na kama ningekufa kwanza?"

Baba mdogo alivua kofia. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ningenyamaza. Ningeshika kipaza sauti niseme ulikuwa ndugu mwema, watu waitikie amina, nirudi na siri hii nyumbani."

Baba alinyoosha mkono akapapasa hewa mpaka akapata mkono wa koti la ndugu yake, akaushika. Baba mdogo bado alikuwa anahema kwa hasira, lakini hakujitoa.

"Kaa chini," baba akasema. "Anzia asubuhi ya siku hiyo. Mwanangu, fungua hicho kipande uandike."

Nilisogeza kiti. Baba mdogo akakaa, akaitazama laptopu kwa mashaka, akakohoa.

"Asubuhi," akasema, "wewe ndiye uliyeamka kwanza."