Mtoto wa Chombo cha Angani

Hadithi niliyoiandika ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa ndani ya chombo cha angani, safarini kuelekea nyota ambayo wazazi wake hawakutarajia kuifikia wakiwa hai. Niliwaandikia wanafunzi wangu wa Kakuma, wa klabu ya kusoma, kwa sababu vitabu vya namna hiyo tulivyokuwa navyo vilikuwa vya Kiingereza na viliwachosha. Nilikuwa nimeshafika mbali ndipo nikagundua kwamba sijasema kama huyo mtoto ni wa kiume au wa kike. Kiswahili hakikunidai. Alikimbia, alilia, alitengeneza mtambo wa hewa, akachapwa na mama yake kwa kuuchezea. Nikaacha hivyo hivyo.

Sikuwa na nia ya kumfundisha mtu chochote. Mimi nilizaliwa msichana, hivyo ndivyo walivyosema, na sijawahi kupata pa kubishia. Ningeanzia kwa nani? Wikendi mimi hurudi Lodwar kwa mama, naye huleta shanga zake, huzigusisha shingoni mwangu na kuuliza nitaolewa lini. Mimi husingizia joto, nikaingia chumbani. Ni chumba cha mabati, dirisha linatazama ukuta wa jirani na miba ya mathenge, ule mti wa jangwani, iliyoupanda. Humo ndimo nilimoandikia.

Siku niliyowasomea, vumbi lilitulazimisha kufunga madirisha ya darasa, tukaketi tukitokwa jasho. Nilipomaliza sura ya kwanza wakaanza kubishana.

“Ni kijana,” akasema mvulana wa mbele. “Si anatengeneza mashine?”

“Na kuteka maji je?” msichana mmoja akamjibu. “Kijana gani anateka maji bila kulalamika?”

“Mwalimu, tuambie!”

“Hadithi haijasema,” nikajibu.

“Sasa si ni wewe umeandika?”

Wakacheka. Mmoja tu hakucheka, mwanafunzi wa kutoka Sudan Kusini aliyeishi katika kambi ya wakimbizi na shangazi yake. Shuleni aliandikishwa kama msichana. Kichwa alinyoa, lakini wengi hunyoa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Ila kila kipindi cha michezo kilipofika, sketi ilikuwa imeshavuliwa kabla hajafika mlangoni, na chini yake kulikuwa na kaptura. Siku hiyo wenzake walipotoka, alibaki.

“Mwalimu, kwa hiyo chombo, kuna mtu anamuuliza?”

“Anamuuliza nini?”

“Kama yeye ni kijana ama ni msichana.”

Nikafikiri kidogo. “Hapana. Wako wachache, na kazi ni nyingi.”

“Mimi nataka kuenda hapo,” akasema. Hakuwa anatania.

Nikampa zile karatasi akasome nyumbani.

Baada ya Jumapili mbili tatu, shangazi yake alikuja shuleni. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nilimkuta mama huyo, mrefu, mchovu, amekaa kwenye ukingo wa kiti, na mwanafunzi wangu amesimama karibu na kabati akitazama sakafu.

“Mwalimu, mimi sina shida na kitabu,” shangazi akaniambia. “Lakini huyu amekataa gauni ya kanisa. Ananiambia ati hata ile mtoto ya chombo haiambiwi avae. Mimi nimemtoa kwa vita na hii mikono. Mama yake aliniachia msichana. Siku tukionana, nitamwambia nini?”

Hakuwa mkatili. Alikuwa ameambiwa alinde kitu, na alikuwa anakilinda.

“Jambo ni dogo, mwalimu,” akasema mwalimu mkuu kwa upole. “Andika kwamba ni msichana. Msichana fundi wa mashine! Hata wafadhili watafurahi.”

Nilimwona mwanafunzi ameinua macho. Kama ningeandika hivyo, ningemfungia mlango pekee alioupata. Kama ningemtetea waziwazi, wangetaka kujua nimeyajuaje, na baada yake wangenigeukia mimi.

“Siwezi kubadilisha,” nikasema.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ndivyo alivyo.”

“Nani?”

“Mtoto wa hadithi.”

Mwalimu mkuu aliitazama suruali yangu, halafu akageukia dirisha. “Basi klabu ipumzike kidogo,” akasema.

Haijafunguliwa tena. Wala hakuna aliyeniuliza jambo lolote, na kunyamaza kwao kumenibana kuliko maswali. Siku hizi nikiingia chumba cha walimu mazungumzo hupoa, kisha huanza upya juu ya mvua.

Muhula uliofuata shangazi alimpeleka mtoto bweni, shule ya wasichana ya huku Lodwar. Aliamini kabisa kwamba anamsaidia. Siku ya kutembelea wanafunzi nilikwenda, kwa kuwa shangazi hakupata nafasi ya kutoka Kakuma. Tulikaa kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji. Sketi ilimfika karibu na vifundo vya miguu.

“Ejok, mwalimu,” akanisalimu kwa Kiturkana.

“Ejok. Unaendeleaje?”

“Niko tu.” Akachora mchangani kwa kidole. “Jioni nawaambia wenzangu ile hadithi. Ile yako iliisha, sasa nawatungia mimi.”

Nilifurahi mno, nikauliza kwa haraka, “Na wamefika kwenye nyota?”

“Bado.”

“Wenzako hawachoki kungoja?”

“Wanachoka. Wananigombeza. Lakini mimi sitaki wafike, mwalimu. Wakifika, watakuta watu wa kumuuliza.”

Nilitaka kumwambia kwamba si watu wote, kwamba mambo hubadilika, yale ambayo mtu mzima anapaswa kusema. Nilikuwa mtu mzima ninayelala nyumbani kwa mama na kudanganya kuhusu joto. Nikamshika mkono tukakaa.

Kengele ikalia. Akainuka, akajipangusa mchanga, akaungana na wenzake wa sare moja hadi nikashindwa kumtambua mgongo. Mlinzi akatutoa wageni, akafunga geti. Nilibaki nimesimama nje juani mpaka akaniuliza kama nimesahau kitu.

“Hapana,” nikamwambia, na bado sikuondoka.