Tulipokwenda Moshi Tukapitia kwa Baba

Siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, nikacheka peke yangu jikoni, ni ile ambayo mume wangu Omari alimwaga karanga mkekani ili anioneshe nchi.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Tulikaa Dodoma, katika vile vijumba vya reli. Mimi nilikuwa muuguzi hospitali, naye Omari, Mgogo wa Bahi, alikuwa kazini reli, yule anayepeperusha bendera ya kijani treni ikitaka kuondoka. Mwaka huo akapewa livu ndefu, yaani likizo. Mfanyakazi wa reli alipopewa livu alipewa na pasi ya kupanda treni yeye na mkewe, basi Omari akaona dunia yote imefunguliwa mlango. Hakulala wala hakula vizuri, akiwaza safari tu.

"Tazama, Mwaja," akaniambia, akipanga karanga moja moja. "Hii ni Tabora, mji wa zamani. Hii Ujiji, na hapa ndipo ziwa. Tunarudi. Halafu tunapanda basi kwenda kaskazini. Hii Babati, kuna ziwa jingine. Hii Arusha. Hii Moshi, tunauona ule mlima wenye barafu. Kisha treni mpaka Tanga, tunaiona bahari, tunafika na Pangani kwenye majumba ya kale, tunarudi nyumbani."

Yote hayo kwa livu moja! Ujana, mwanangu, hauoni umbali, unaona kule mwisho tu.

Pembeni alikuwapo Shangazi Nyemo, dada wa baba yake Omari, aliyekuja kutoka Bahi kututembelea. Alikuwa anapepeta uwele, kimya, kama hasikii. Kumbe masikio yote yapo mkekani.

"Omari," akasema, "hizi karanga mbili zimeachana sana. Hapa katikati ya Dodoma na Babati hakuna watu?"

"Wapo, shangazi. Hapo ni Kondoa. Lakini basi linapita tu."

Shangazi akauweka ungo chini. "Linapita tu? Si ndiko kwa baba wa mkeo?"

Omari akanitazama mimi. Mimi nikazitazama karanga.

Hapa lazima nikueleze. Mimi ni Mrangi wa Kolo, mbele kidogo ya Kondoa, na nyumba yetu ipo kando kabisa ya barabara. Mama alifariki ningali mdogo, na baba hakuoa tena. Yeye ndiye aliyenilea, na nywele zangu alizisuka yeye mwenyewe, vibaya, lakini alizisuka. Nilipokuja Dodoma kusomea uuguzi alinisindikiza mpaka kwenye basi akitabasamu. Ila nilipompelekea ujumbe kwamba nataka kuolewa na Mgogo wa reli, jibu lililorudi lilikuwa fupi: "Kama ameamua kubaki huko kwenye vumbi, asinitarajie." Harusini akaja baba mdogo badala yake. Tangu siku hiyo hakuna salamu iliyokwenda wala iliyorudi. Mimi nilisema, hanitaki. Kumbe na yeye huko alikuwa akisema maneno hayo hayo.

Shangazi Nyemo hakupaza sauti. Wazee wetu walijua kukuchapa bila kunyanyua mkono. Akasema, "Yaani mnakwenda mbali kote huko kuusalimia mlima usiowajua hata majina, na mlango wa mzazi mnaupita mkiuachia vumbi? Milima haikutani, wanadamu hukutana. Mlima utakuwapo mpaka wajukuu zenu waote mvi. Baba yako je, Mwaja, amekuahidi nini?"

Omari akaokota karanga moja akaiweka pale penye pengo. "Tutaona, shangazi," akasema. Nawe unajua, mwanangu, "tutaona" ni neno la mtu asiyetaka kuona.

Basi tukaanza na magharibi. Siwezi kusema uongo, ilikuwa raha. Mvua zilikuwa zimekuwa njema, na bwawa la Bahi lilijaa ndege hadi Omari akatoa nusu ya mwili dirishani kunionesha kwao. Tabora tukatembea katikati ya nyumba za kale zenye milango ya kuchongwa, tukanunua asali. Ujiji nikaliona ziwa. Mimi, mtoto wa vilimani, niliyezoea kuchimba mchanga wa mto ili nipate maji ya kunywa! Nilisimama mpaka viatu vikalowa, nikachota kwa kiganja nikaonja, maana niliamini maji mengi namna ile lazima yawe ya chumvi. Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa wakacheka wakashika mbavu.

Mmoja wao, mzee, alikuwa na bintiye. Binti akimkemea, "Baba, utapigwa na jua, vaa kofia," naye mzee anajifanya kiziwi, na kofia kaishika mkononi. Ni jambo dogo tu, la kila siku. Lakini nikasimama nikiwatazama. Nikajiuliza, baba yangu nani anamkemea avae kofia?

Nikanunua dagaa kapu zima. Omari akauliza, "Wote hawa wataliwa na nani?"

"Mkono mtupu haulambwi," nikamjibu. "Kolo tunashuka."

Akalitwaa kapu. Kisha akasema, "Na akitufukuza?"

"Akitufukuza tutakuwa tumefukuzwa na mtu wetu."

Tuliporudi Dodoma hatukukaa. Tukaenda kwenye duka la Mhindi mmoja jirani na soko, mama mwenye duka akatuuzia blanketi akituapia kwamba Moshi tutaganda bila hilo, tukapanda basi. Njia nzima nilijitia kuimba. Tulipoipita Kondoa, barabara ilipoanza kupanda vilima, sauti ikaniishia. Nikaiona miti ninayoijua. Nikapiga kelele, "Dereva, shusha!" kwa sauti kubwa hadi mama mmoja aliyekuwa amesinzia akadhani basi linaanguka.

Tukashuka. Basi likaondoka, na basi jingine la kurudi au la kwenda mbele lilikuwa la siku nyingine. Omari akasimama na kapu la dagaa kichwani, asali mkononi, vumbi usoni, mkwe anayengoja kufukuzwa.

Baba alikuwa juu ya paa. Nyumba yetu ilikuwa tembe, lile paa bapa la udongo, na mvua zilikuwa zimelitoboa. Alikuwa amechuchumaa huko juu akiziba. Alikuwa amekonda. Na hakuvaa kofia.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alinitazama mimi, akamtazama Omari, akanitazama tena mimi. Nikawa tayari nimekwishaanza kutafuta kwa macho kivuli cha kukaa tukingoja basi.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Huyo mwenye kapu ndiye mwenye vumbi lake?"

"Ndiye, baba."

"Anajua kukanyaga udongo, au anajua kupeperusha bendera tu?"

Kumbe alikuwa na habari zetu zote! Omari hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alitua kapu, akavua viatu vyake vya livu, akakunja suruali, akaingia kwenye shimo la udongo akaanza kukanyaga kwa nguvu zote, maji yakiruka mpaka usoni. Baba akamtazama kutoka juu. Halafu akaanza kucheka. "Kumbe na Wagogo mna nyumba! Mimi nilidhani mnalala kwenye migongo ya ng'ombe."

"Nyumba tunazo, mzee," Omari akajibu akihema. "Tunachokosa ni wakwe wa kutusaidia kuziezeka."

Hapo utani ukazaliwa, na haukufa mpaka mmoja wao alipokufa.

Jioni tukila ugali kwa dagaa wa Ujiji, Omari alikuwa amejikunja pembeni kwa heshima ya mkwe, hagusi chakula. Baba akamsukumia bakuli. "Kula, mwanangu. Heshima haishibishi." Kisha akanigeukia mimi, akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Sikuchukia Mgogo. Nilichukia kuona kwamba utakaa mbali, na mimi sijui kusema nitabaki peke yangu. Nikasema maneno mengine. Kila basi likipita nilikuwa nasimama kutazama anayeshuka. Watu wakadhani napenda magari."

Nililia, mwanangu. Nikalia na dagaa mdomoni. Baba akaniambia nimeze kwanza.

Asubuhi akatupeleka vilimani kwenye mapango, akatuonesha michoro myekundu ya watu wembamba warefu, na twiga, na pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, iliyochorwa na watu ambao hakuna mzee wetu aliyewahi kuwaona. Nimekulia hapo na sikuwahi kuitazama vizuri. Omari, aliyetaka kwenda mpaka Pangani kutafuta mambo ya kale, akabaki ameduwaa, akasema, "Na mimi nilikuwa nasema hapa basi linapita tu!"

Baba naye akauliza, "Huo mlima wenu, una barafu kweli, au ni maneno ya watu wa reli?"

"Una barafu, mzee."

"Na jua lipo?"

"Lipo."

"Basi mimi siamini mpaka nione."

Omari alinitazama. Safari hii sikutazama pembeni. "Twende wote, baba," nikasema. Mbuzi wakakabidhiwa jirani, kanzu ikatolewa sandukuni, na basi lilipokuja tulipanda watatu.

Baba hakuwahi kupanda gari maishani mwake. Kwenye miteremko alifumba macho akasoma kila dua aliyoijua, na zilipokwisha akaanza upya, huku amemshika Omari mkono hadi vidole vya Omari vikafa ganzi. Babati tukashuka kuona ziwa na viboko wake. Kiboko mmoja alipopiga mwayo, baba akamsalimia, "Shikamoo, mkubwa." Mtu yeyote mwenye mdomo ule, akasema, amekuzidi umri.

Moshi tulifikia kwa mfanyakazi mwenzake Omari, Mchaga mkarimu aliyeishi karibu na stesheni. Mlima haukuonekana. Mawingu tu, siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Omari akaanza kuhangaika: treni ya Tanga inaondoka, livu inakwisha, Pangani itakuwaje? Baba akakaa nje kwenye kigoda, amejifunika lile blanketi la Mhindi, akasema, "Mwenye nyumba bado hajaamka. Utamgongea?"

Omari alitembea mpaka stesheni, akaitazama treni ya Tanga. Akarudi. Akaketi chini karibu na baba, akaomba kipande cha blanketi. Nilipowaona wawili wale wamefunikwa blanketi moja, mwanangu, safari yangu mimi ilikuwa imekwishafika. Mlima ungekuja au usingekuja, shauri yake.

Lakini ulikuja. Alfajiri baba alitoka kuswali, na nilipoona harudi nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye umande, viganja bado vimeinuliwa. Mawingu yalikuwa yametelemka yakauacha mlima peke yake juu, mweupe, halafu jua likaupata ukawa kama umepakwa samli.

"Mwaja," akasema bila kugeuka, "mama yako ningemweleza hivi angesema nimeanza kudanganya."

Nami nikamvika kofia. Naye hakujifanya kiziwi kama yule mzee wa Ujiji.

Tanga hatukufika, wala Pangani. Pangani sijaiona hata leo. Lakini baba alirudi Kolo akahadithia mpaka watu wakampa jina la Mzee Barafu, na tangu hapo kila baada ya mavuno akawa anashuka Dodoma, dua zake mdomoni, kuja kumwambia Omari kwamba Wagogo hawajui kulima. Tulipata miaka mizuri naye. Alipofariki, Omari ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Sasa nisikilize. Nimewasikia wewe na mwenzako mkipanga safari yenu, miji ya kale, maziwa, milima, mnasoma majina kwenye simu kama mnaimba. Nendeni. Tembea uone, walisema wa kale, na mtu asiyetembea hudhani kisima cha kwao ndicho bahari. Ila msijaze siku zote mpaka zikose pa kuhemea, kwa kuwa vitu vizuri vina saa zao, na mawingu hayasomi ratiba. Na kabla hujapanga, muulize unayesafiri naye anataka kuona nini; akinyamaza, muulize tena, maana kuna kimya kinachosema zaidi ya maneno. Zaidi ya yote, msiupite mlango wa mtu wenu kwa sababu ya neno lililosemwa zamani. Shukeni. Chukueni kitu mkononi, hata kama ni kidogo. Mkikaribishwa, kaeni; mkifukuzwa, mtakuwa mmefanya lenu, na Mungu ameona.

Haya, mwanangu, inama nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu awanyooshee barabara, awape madereva wenye akili na wenyeji wenye mioyo. Mkute vyungu vikichemka kila mnapofika, na kila mlipolala mwamke salama. Mlichokiendea mkione, na msichokitarajia kiwe kizuri zaidi. Amina.