Mbaula na Theluji La Rochelle

Jumatatu upepo baridi wa kusini ulipoanza kuvuma, niliwaambia wapangaji wenzangu pale mtaani La Rochelle wajaze ndoo zao maji. Walinicheka. Mimi ni fundi cherehani kutoka Bujumbura, lakini baridi za hapa Johannesburg nimezizoea kuliko wao. Kesho yake bomba la uani liliganda, na waliocheka wakaja kunibishia hodi na masufuria mkononi.

Jumatano mawingu yalishuka, upepo ukatulia. Nikiwa kwenye cherehani nikasikia watoto wa jirani, waliozaliwa hapahapa, wakipiga kelele kwa Kizulu. Nikatoka. Theluji! Ilikuwa inaanguka polepole, nao wanaikinga kwa ndimi. Kamba za nguo, mapipa ya taka, mabati, vyote vilikuwa vyeupe. Uwanja wetu ule sijawahi kuuona ukipendeza hivyo, nikacheka peke yangu.

Mchana umeme ukakatika. Chumba cha pili alikuwa amehamia dada mmoja kutoka Uvira, na mtoto wake mchanga. Asubuhi alikuwa amewasha mbaula uani, lile jiko la bati lenye matundu, akaijaza makaa. Nilipotazama tena, mbaula haikuwepo. Mlango wake umefungwa, na chini ameuziba kwa blanketi.

Sikusubiri. Nilibisha mara moja, nikausukuma mlango kwa bega.

Alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, mkono mmoja kichwani.

"Dada, moto huu utoke nje!"

"Mama, mtoto atakufa na baridi."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kinauma sana. Nasikia usingizi."

"Ni moshi wa makaa huo, hata kama huuoni. Ukilala hapa hamtaamka. Toka na mtoto, sasa hivi!"

Nilishika mbaula kwa upindo wa aproni, nikaitua juu ya theluji, ikalia chwaa. Nikafungua dirisha lake wazi. Alilia kwa hasira, akasema nimemwondolea joto lote alilokuwa nalo.

"Joto lipo," nikamwambia. "Njoo kwangu."

Tulichemsha maji kwenye mbaula ileile, pale nje, tukajaza chupa na kuzivisha soksi. Nilitandika vipande vyote vya vitambaa nilivyokuwa navyo, na juu yake koti la sufu la mteja. Mtoto tukamweka katikati yetu. Kabla ya giza kuingia alikuwa ananyonya, mashavu ya moto, na mama yake kichwa kimepoa.

"Eish, mama, nyumba yako ni tanuri," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

Alhamisi jua lilitoka kali, theluji ikabaki kwenye vivuli tu. Mpangaji wa chumba cha mwisho akajaribu kuingiza mbaula yake ndani. Sikuhitaji kuinuka. Dada wa Uvira alikuwa ameshamzibia njia, mtoto mgongoni, anamkaripia kwa sauti kubwa kuliko yangu.