Salamu Kabla ya Bei

Mama yangu anauza michembe katika soko la Bariadi, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Biashara ilikuwa imedorora. Vijana walipita mezani kwake wakienda kununua chipsi, naye akaanza kusema atafunga, arudi kulima pamba. Pamba na mgongo wake havipatani. Nikamfungulia ukurasa wa biashara kwenye simu, nikapiga picha za michembe, nikazirusha kwenye magrupu.

Mteja wa kwanza alikuwa wa Dar es Salaam. Aliandika neno moja: "Bei?" Mama akanuna.

"Mtu anaingia kwangu hata hodi hapigi?"

Akajirekodi akimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka! Mhola?" Akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo akataja bei. Nikamwambia watu wa mjini hawana muda huo. Akanijibu kwamba muda wa kula mbona wanao.

Kumbe Wasukuma walioko mbali walikuwa na kiu ya kuamkiwa. Sauti ya Mama ikahama simu hadi simu, oda zikaanza kuja kutoka Arusha, Mbeya, hata Mtwara. Akajifunza kufunga vifurushi vya kusafirishwa kwa basi, akawa ananigombeza simu ikikosa chaji. Habari za pamba zikaisha. Nilifurahi, tena sikuficha.

Michembe yetu yote ilikuwa ikiletwa na bibi mmoja wa kijiji cha Mwamapalala, ambaye Mama humwita mayu, yaani mama, tangu mimi sijazaliwa. Asubuhi moja alifika na bodaboda, gunia likashushwa, akaamkia, "Mwangaluka!" Mama alikuwa katikati ya kumrekodia mteja. Akainua kiganja. Bibi akadhani hakusikika, akaamkia tena kwa nguvu, na sauti yake ikaingia kwenye simu.

"Nyamaza kidogo, mayu," Mama alisema. "Naongea na mteja."

Bibi alimwita mwenye bodaboda, gunia likapakiwa upya, likaenda kushushwa kwenye meza ya jirani yetu. Kisha akaondoka bila kuaga.

Simu ikalia. Ilikuwa oda ya Mtwara.

"Niwaambieje?" nilimuuliza Mama.

"Waambie imeisha."

"Wanauliza itakuja lini."

Alikuwa ameshajifunga kanga ya safari ya Mwamapalala.

"Sijui," alisema. "Mwenye nayo sijamwamkia."