Nyumba ya Batoto Kule Kapata

Mwaka wangu wa pili wa masomo ya ualimu, mimi na rafiki yangu aliyekuwa akisomea uuguzi tulikuwa tukienda mtaa wa Kapata, pembeni mwa mji, kila Jumamosi na kikundi chetu cha maombi. Tuligawa sabuni na unga, tukaimba, tukaombea wagonjwa, kisha tukarudi mjini. Nikikumbuka siku hizo naona kwanza vumbi, vumbi jekundu lililoelea juu ya safu za nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na watu wakipita ndani yake polepole, bila sauti, kama watu wa ndotoni.

Siku moja tulimkuta mama mmoja mlangoni pake, mtoto mgongoni, ndoo mkononi, akielekea mtoni kusafisha mawe ya shaba. Rafiki yangu alimpa kipande cha sabuni.

"Aksanti, batoto yangu," akasema. "Lakini mi naingia mu mayi mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Nani atanishikia mutoto?"

"Leo tutamushika sisi, mama," nikasema.

"Na kesho?"

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. Alikuwa mzito, ana joto, ananukia moshi na maziwa. Nilikaa naye barazani hadi akalala, na mimi nikasinzia. Kwa mbali treni ya kwenda Dilolo ilipiga honi, nikashindwa kujua kama nimeisikia au nimeiota. Mama aliporudi, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Alimwangalia mtoto aliyelala, akatabasamu, wala hakuuliza tena habari ya kesho.

Lakini swali lile lilitufuata mjini. Wiki chache baadaye tuliacha chumba chetu karibu na shule, tukahamia nyumba ndogo kule Kapata. Wenzetu wa kikundi walituona tumezidisha. Baba yangu aliumia zaidi. Babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na baba, aliyezaliwa Kapata, alisoma kwa taabu hadi akawa karani na kutoka pale.

"Unarudia kule kufanya nini?" akaniuliza.

"Kushika batoto, tata."

"Ni juu ya kushika batoto nilikusomesha?"

Nilirudi Kapata jioni ile ile. Hakusema nami tena msimu mzima wa mvua.

Kina mama walileta watoto alfajiri, mmoja baada ya mwingine, wakiwa bado na usingizi. Tulipokezana: mmoja alikwenda darasani, mwingine alibaki akikoroga uji. Tulijifunza kuoga kwa maji kidogo, kula walichokula majirani, na kusoma huku mtoto amelala mapajani. Maombi yetu yakawa mafupi. Mchana mvua ilipopiga mabati, nyumba nzima ililala, nami nilisikiliza pumzi zile ndogo hadi nikasahau kama ni asubuhi au jioni.

Jumapili moja mvua ilipokatika, baba alitokea mlangoni, viatu vya kanisani vimejaa tope. Mama jirani alikuwa ametuachia watoto wake aende kwa mgonjwa. Baba akavitazama vichwa vilivyopangana kwenye mkeka.

"Wote bamelala?" akanong'ona.

"Wote, tata. Ikala."

Akaketi kwenye kigoda. Mara mtoto wa kike akaamka, akaanza kulia. Kabla sijamfikia, baba alikwisha kumpakata, akimwimbia kwa Kiluba cha Kasai, kwa sauti ya chini, wimbo ambao sikuwahi kumsikia akiuimba nyumbani. Mtoto alinyamaza. Baba aliendelea kuimba.

"Mama yangu alikuwa ananiimbia hivi," akasema baadaye, bila kunitazama. "Nyumba yetu ilikuwa kwa ile barabara ya nyuma."

Rafiki yangu sasa ameolewa, ni muuguzi Dilolo. Mama yule wa ndoo bado anakwenda mtoni. Mimi nafundisha shule ya msingi Kapata, mkeka wangu bado unalaza watoto wa majirani, na baba huja Jumapili bila kutoa taarifa, anavua viatu mlangoni, anauliza nani ameamka.