Maziwa ya Punda na Sumu Isiyouma

Kazi yangu ni kuharibu sumu. Nikisema hivyo kwenye sherehe watu hucheka na kuniuliza kama nauza dawa ya panya, nami huwaacha waamini hivyo kwa sababu sina hamu ya kueleza. Ukweli ni kwamba katika maabara yetu tunachukua vijidudu vya kifaduro, tunaingia kwenye vinasaba vyao, tunabadilisha sehemu mbili ndogo tu, na sumu wanayoitengeneza inatoka na sura ile ile lakini haiumi; hiyo ndiyo inayotiwa kwenye chanjo. Mwili huikariri sura hiyo, ili siku sumu yenyewe ikibisha hodi ipigwe mlangoni. Jaribio lilipofaulu mara ya kwanza wenzangu walipiga makofi. Mimi nilivua glavu nikaenda kunawa mikono. Sikuhisi kitu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikufa kwa kifaduro tukiishi Mkumbara, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Shamba la mkonge alikofanya kazi baba lilikuwa limepunguza watu, naye alikuwa mmoja wao. Mama, ambaye hakuwahi kuuza hata ndizi, akaanza kuchukua mitumba Korogwe na kuitandaza kwenye magulio. Asipokwenda gulioni, jioni tulitazamana, sufuria tupu.

Mtoto alipata sindano yake ya kwanza ya chanjo kliniki, akarudi na homa. Paja likavimba likawa gumu kama kiazi kibichi. Akalia kilio cha juu kisichobembelezeka, siku ile, kesho yake na keshokutwa, na gulio likampita mama. Sindano za wakati ule zilibeba vijidudu vizima vilivyouawa, pamoja na sumu yao na uchafu wao wote. Ziliokoa watoto wengi, na wengi ziliwachemsha. Nesi alisema homa ni kawaida, amrudishe mwezi unaofuata kwa sindano ya pili. Mama akasema, "Nimempeleka mzima, nimerudi na mgonjwa. Sirudi."

Wanaopenda kusema kwamba akina mama wa vijijini ni wajinga hawajawahi kumbeba mtoto wa namna hiyo huku debe la unga linalia tupu. Hilo linanikera mpaka leo, na ni karibu hasira pekee niliyobaki nayo.

Masika yalipoisha kifaduro kikaingia kijijini. Mtoto alikohoa mfululizo mpaka midomo ikabadilika rangi, kisha akavuta pumzi kwa mlio kama bawaba kavu. Akalazwa hospitali, Korogwe. Alipewa dawa, tukaambiwa ugonjwa umeshafika mbali, tusubiri. Bibi akateremka kutoka Bungu, akamtazama, akasema kinachotakiwa ni maziwa ya punda. Kwetu jambo hilo halihitaji mganga. Kila mtu anajua kifaduro kinatafutiwa maziwa ya punda, na punda wako kwa wafugaji, Handeni. Yasichemshwe, bibi akasisitiza, na chupa isiguse ardhi mpaka imfikie mtoto.

Mfa maji haachi kutapatapa. Baba akanichukua mimi, binti yake mkubwa, kwa sababu alihitaji mtu wa kushika chupa. Tukadandia lori la mahindi mpaka Handeni, kisha jingine hadi Kang'ata. Huko tukaelekezwa kwa mama mmoja wa Kimaasai mwenye punda anayenyonyesha.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Nani anakohoa?" Hakuhitaji kuuliza tumefuata nini, alikwishaiona chupa tupu ya soda mkononi mwangu.

"Mdogo wangu."

Akamkamua punda polepole huku mtoto wa punda akizuiwa pembeni. Baba alipotoa hela, yule mama akatikisa kichwa. "Ya kikohozi siuzi. Nendeni, msikae hapa."

Niliikumbatia chupa ile njia nzima. Tuliposimama Handeni baba alinilisha matonge ya ugali kwa mkono wake, maana mikono yangu ilikuwa na kazi. Kufika Korogwe viganja vilikuwa vimekufa ganzi.

Tulimkuta mama kwenye benchi nje ya wodi, bibi kando yake. Ile kanga ya kumbebea mtoto ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa vizuri kama nguo ya kuuza. Baba akaiangalia kanga, akachuchumaa. Hakuna aliyelia. Mimi niliendelea kusimama na chupa, kwa sababu hakuna aliyeniambia niitue.

Matangani shangazi mmoja alisema majuto ni mjukuu, kwa sauti ya kutaka asikike. Mama akaendelea kuchambua mchele. Gulio lililofuata alikwenda. Habari ya sindano haikutajwa tena nyumbani kwetu, na nadhani ganzi ile ya viganja ilipanda ikanienea mwili mzima. Nilisoma nayo, nikaajiriwa nayo.

Nilipokwenda Mkumbara likizo iliyopita, mama alikuwa na ungo wa maharage. Akaniuliza hasa huwa nafanya nini huko kazini. Nikamweleza.

"Wengine wanaipika sumu kwa dawa mpaka ife," nikamwambia, "lakini ikipikwa sana sura inaharibika, mwili hauikariri vizuri. Sisi tunaitoa haina meno tangu inapozaliwa. Sura inabaki kamili, kwa hiyo kinga inakuwa imara zaidi."

"Na paja?"

"Halivimbi kama lile."

"Homa?"

"Ikija, ni kidogo."

"Na kile kilio?"

"Kile hakipo, mama."

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani. Akapepeta ungo, akautuliza.

"Basi ningerudi," akasema.

Nikanyoosha mkono nimsaidie kuchambua, lakini maharage sikuyaona tena kwa machozi.